Mawe ya Waliokula Jana

Jumatatu, 11 Novemba 1974

Katibu ameniletea daftari jipya la mahudhurio, basi hili la zamani nimelichukua mimi. Limebaki na kurasa nyingi nyeupe, na hapa sina mtu wa kumweleza uchovu wangu.

Kijiji hiki cha Umoja hakijafikisha miezi mitano. Watu walitolewa mahameni, kwenye makazi yao ya zamani, mwezi wa sita wakapangwa hapa, mistari minne ya nyumba, maili sita kutoka stesheni ya Goweko. Mimi nililetwa na barua. Miaka kumi na minne nimelea watoto mjini Tabora, kwenye kituo chenye sakafu ya saruji na bomba uani, halafu nikaambiwa taifa linanihitaji kijijini. Nina miaka hamsini na mmoja na miguu inavimba. Taifa lingeanza na mwenye miguu mizima.

Nimepewa banda la nyasi lisilo na ukuta upande mmoja, watoto arobaini na watatu wa chekechea, sufuria kubwa ya uji na kipande cha ubao. Chaki hakuna.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeomba vikombe viwili vya kunde na viwili vya choroko. Nikavichanganya kwenye ungo, nikawaambia wachambue kwa ncha za vidole, kunde huku, choroko kule, kumi kumi. Kazi hiyo hulegeza vidole vya mtoto kabla hajashika kalamu. Nikageuka kukoroga uji. Niliporudi ungo ulikuwa mtupu na watu arobaini na watatu wanatafuna. Nikauliza wamehesabu ngapi. Mmoja akanijibu, "Nyingi, mwalimu."

Siwalaumu. Mwaka jana hawakuvuna kitu cha maana, na mvua za mwaka huu hazijaonekana.

Alhamisi, 14 Novemba

Mbegu za ukwaju. Wamezikaanga.

Jumatatu, 18 Novemba

Sasa tunahesabu kwa vitu visivyolika. Kuna mawe madogo ya mtoni, vizibo vya soda alivyonitumia mdogo wangu Bimdogo kutoka mjini, na vipande vya mabua ya mtama tunavyotunga kwenye uzi wa katani. Na kuna koti la marehemu Abbasi. Mume wangu alikuwa gadi wa treni, na koti lake la kazi lina vifungo sita vya shaba. Nimelitundika kwenye nguzo. Watoto wanapanga foleni, kila mmoja anafunga na kufungua huku anahesabu. Wanalipenda kuliko mimi, na kwa kweli hata Abbasi alipendwa kuliko mimi.

Aliyeshindwa ni Benedikta wa Tobias. Ana miaka minne na nusu, maneno yake machache. Kifungo cha kwanza kinamteleza, anakirudia, kinateleza, na foleni nyuma yake inapiga kelele. Nikamtoa. Akaenda kukaa chini ya koti, akashika pindo lake mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Jumatatu, 25 Novemba

Ndugu Eustace, katibu wa kijiji, amekuja kututazama. Ni kijana kutoka Urambo, mwembamba, kalamu tatu mfukoni. Si mtu mbaya. Anapenda kazi yake kupita kiasi, basi.

"Mama," akaniambia, "kituo hiki kikionekana, wageni wa mkoa wakija wakaridhika, barua yako ya kurudi mjini nitaiandika kwa mkono wangu."

Leo nimeosha sufuria huku naimba.

Jumanne, 3 Desemba

Nimebuni mchezo. Nimegundua kwamba ukimwuliza mtoto wa hapa, "Kwenu mko wangapi?" anakutazama tu. Ukimwuliza, "Jana mlikula nani na nani?" anakutajia wote mpaka paka. Kwao mtu wa nyumbani ni yule aliyenawa akakaa kwenye chungu. Basi nimewaambia kila mtoto akitoka nyumbani asubuhi aokote jiwe moja kwa kila mtu aliyekula naye jana yake, na moja lake mwenyewe. Akifika anayapanga mstari, anamtaja mwenye kila jiwe, halafu anahesabu. Mimi nalinganisha na orodha ya ofisi, ile ya mgao wa unga, yenye idadi ya watu kwa kila nyumba. Ikilingana tunampigia makofi.

Imefana. Wengine wamechagua jiwe kubwa la baba na dogo la kitoto kichanga. Mchana mgongo ulikuwa unaniuma kwa kuinama, lakini nilikuwa na furaha.

Alhamisi, 5 Desemba

Benedikta ameleta mawe sita. Kwenye orodha kwao wako watano: Tobias, mkewe Apolinaria na watoto watatu.

"Hesabu tena," nikamwambia.

Akagusa kila jiwe kwa kidole. Sita.

"Taja majina."

Akataja watano vizuri. Kwenye la sita akainamisha kichwa.

"Huoni? Umezidisha. Hesabu tena."

Sita.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Tumeimba, na katikati ya wimbo mvua ya kwanza ikanyesha. Watu wazima wakatoka kwenye gwaride wakasimama uwanjani wakilowa makusudi. Banda linavuja sehemu saba. Nimezihesabu na watoto.

Alhamisi, 12 Desemba

Mawe sita. Nimekwenda kwa mama yake shambani. Apolinaria hakuacha jembe.

"Bado mdogo, mwalimu," akasema upesi. "Hajui kuhesabu."

"Anajua kila kitu mpaka tano."

"Basi mchape." Lakini alikuwa anatazama pembeni alipolisema hilo, na mwanamke huyu hajawahi kumchapa mtoto mbele yangu.

Sikumchapa. Nimesema tu "hesabu tena" mpaka ulimi wangu mwenyewe umechoka.

Jumatatu, 23 Desemba

Idi ya kuchinja na Krismasi zimefuatana mwaka huu. Natembea mpaka Goweko kupanda treni. Karibu wiki mbili za bomba na saruji.

Jumatatu, 6 Januari 1975

Nimerudi. Bimdogo alinikanda miguu akaniuliza narudi mjini lini kabisa. Nikamwambia baada ya wageni wa mkoa.

Jumatano, 15 Januari

Unga wa yanga umefika, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Unagawiwa kwa kichwa. Watoto hawaupendi, wanaumaliza.

Jumatano, 22 Januari

Naandika hili mchana huu huu, kabla sijaanza kujidanganya.

Ndugu Eustace alikuja asubuhi kuangalia matayarisho ya wageni. Nilimwonyesha kazi ya kutunga, nikamwonyesha wanyama wa udongo, ng'ombe mwenye miguu minne na mmoja mwenye mitano ambaye aliyemfinyanga alikataa kumrekebisha. Akacheka. Nilijisikia mwalimu. Nikaona nimwonyeshe na mchezo wa mawe, na ningeweza kumwita mtoto yeyote. Nikamwita Benedikta. Nilitaka aone jinsi ninavyomrekebisha mtoto mzito kwa upole, bila fimbo. Ndiyo sababu, na ni sababu ya majivuno.

Akapanga mawe yake. Sita.

"Kwenye orodha ni watano," nikamweleza katibu, nikitabasamu. "Kila siku anazidisha moja. Benedikta, hesabu tena."

Sita.

Ndugu Eustace akachuchumaa mbele yake. Sauti yake ilikuwa laini, nzuri kuliko ninayotumia mimi.

"Na huyu wa sita, mwanangu, huwa anakuja saa ngapi?"

Mtoto akanitazama mimi. Wiki saba nimemwambia anakosea, leo mtu mzima amemsadiki. Akajibu. "Jua likizama."

"Anatokea wapi?"

Akanyoosha mkono, kidole kimoja, sawasawa kama nilivyowafundisha kuonyesha. Upande wa mashariki, ng'ambo ya shamba la tumbaku la kijiji, mahameni.

Katibu akasimama, akapangusa magoti. "Mtoto huyu hajakosea hata siku moja, mwalimu. Orodha ndiyo imekosea." Akaandika kitu, akanishukuru kwa mkono.

Ni bibi yake, Katarina, mama yake Tobias. Wote waliambiwa alikwenda kwa binti yake Bukene wakati wa kuhama. Kumbe hakuondoka kwake mahameni hata siku moja, na kila jioni alikuwa anakuja kula kwa mwanawe. Mpishi wa uji ndiye aliyeniambia leo, na nilivyomtazama nikajua alikuwa anajua siku zote. Nadhani kijiji kizima kilikuwa kinajua, isipokuwa katibu na mimi.

Ijumaa, 24 Januari

Mgambo walikwenda jana na trekta la kijiji. Wameezua nyasi za paa lake ili asirudi. Walimleta kwenye tela, amekaa juu ya godoro la mabua, kuku wawili mapajani. Tobias alitembea nyuma ya tela. Ilikuwa inanyesha.

Tela lilipita mbele ya banda. Benedikta akamwona bibi yake akaruka kwa furaha, akamwita. Yule bibi hakugeuka. Hapo ndipo mtoto alipoelewa kwamba kuna jambo baya, na akageuka kunitazama mimi.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Jumatatu, 27 Januari

Watoto kumi na sita.

Jumanne, 28 Januari

Kumi na wanne. Mchezo wa mawe nimeuacha. Sufuria ya uji imebaki nusu, na mpishi hakunisaidia kuinyanyua.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kwa Tobias kuomba radhi. Nilikaa siku kumi najiambia miguu inauma.

Bibi Katarina alikuwa barazani anamenya karanga. Sijaona vidole kama vile. Ganda linapasuka, punje mbili zinaanguka, vidole viko kwenye nyingine, na macho yake yako kwingine kabisa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mayu. Karibu kigoda." Mayu ni mama kwa lugha ya hapa.

Nikakaa. Nikasema niliyokuja kusema, kwa shida. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto angesema tano," akaniuliza, "ungefurahi?"

"Ningefurahi."

"Na angekuwa amedanganya."

"Ndiyo, bibi."

Akamenya karanga kadhaa. "Mimi sikujificha, mayu. Nilikaa kwangu. Pale amelala mzee wangu na watoto wangu wawili. Nikiondoka, nani atapalilia? Nyasi zitawafunika mvua hii hii." Halafu akasema, "Huyu mdogo hali vizuri. Anadhani ameniuza. Mimi nimemwambia hapana, lakini mimi ni bibi, hanisadiki. Wewe ndiye mwalimu."

Alinifungia karanga kwenye jani la mgomba. Nilizipokea kwa sababu sikujua namna ya kuzikataa.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemwambia Benedikta mbele ya wenzake kwamba alihesabu sawa na mwalimu ndiye aliyekosea. Wenzake walishangaa sana. Yeye aliweka mikono kwapani.

Jumatatu, 17 Februari

Tumbaku imeanza kuchumwa. Watoto wanakwenda na mama zao kutunga majani kwenye fito. Wadogo wa miaka mitano wanafunga fundo ambalo mimi silijui. Nimekuwa nikiwafundisha vidole watu wanaonizidi.

Jumatano, 26 Februari

Wamerudi thelathini na wanane. Nadhani Bibi Katarina ndiye aliyewaambia mama zao. Benedikta anakuja kila siku, anatunga mabua, anafinyanga, lakini hahesabu. Ukimwambia ahesabu, mikono inakwenda kwapani. Simlazimishi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mguu wa kushoto hauingii kiatuni.

Jumatano, 12 Machi

Bibi Katarina haonekani barazani. Hakuna aliyeuliza, na mimi nimejifunza kutouliza.

Jumatano, 19 Machi

Ndugu Eustace amekuja ana furaha. Wageni wa mkoa watafika Jumatano ijayo. Wanataka kuhakikisha mgao wa unga, kama unawafikia waliomo kwenye orodha kweli. Na yeye ana njia ambayo hakuna kijiji kingine kinayo.

"Mchezo wako wa mawe, mama. Kila mtoto apange mbele ya jina lake, sisi tupite na orodha. Watoto hawasemi uongo."

Nikamwambia mchezo nimeuacha.

"Uanzishe." Akagusa mfuko wa shati, penye kalamu. "Barua yako nimeshaiandika. Imebaki sahihi tu, na nitaitia siku hiyo hiyo wageni wakiondoka."

Alhamisi, 20 Machi

Apolinaria amekuja wakati napanguza sufuria. Alisimama nje ya banda ambapo hapana ukuta, kana kwamba upo.

"Mwalimu, nakuomba. Usiwaambie walete mawe."

"Ni amri."

"Mama mkwe amerudi kwake. Ametupia nyasi juu ya fito za paa, amelala humo. Tobias anampelekea fungu lake la unga kila Jumamosi. Sasa kwenye orodha tuko sita." Akanionyesha mkono, vidole vyote vitano. "Mtoto ataleta haya."

Nikaelewa. Mara ya kwanza jiwe lilizidi, mara hii litapungua. Watamfuata tena yule bibi, na unga wake utakatwa, na Tobias atawekwa ndani kwa kuchukua fungu la mtu asiyekuwepo.

"Mwambie aokote sita," nikasema.

"Nimemwambia." Apolinaria alikuwa analia sasa. "Anasema mwalimu alisema alihesabu sawa. Jiwe ni la aliyekula."

Mtoto amenisadiki, na siwezi kumrudia sasa nikamwambia adanganye. Nimechoka, Mungu ananiona. Natamani hiyo barua kuliko maji ya kunywa. Nimekaa na sufuria mapajani mpaka mpishi akaja kuniuliza kama naumwa.

Jumatano, 26 Machi

Walikuja saa nne, wageni watatu na Ndugu Eustace mbele yao na orodha.

Niliwaambia watoto walete mawe. Walileta, wote. Walipofika asubuhi, nilikuwa nimeketi mlangoni na ile sufuria ya uji kati ya miguu yangu. "Leo mchezo ni mwingine," nikawaambia. "Leo tunapika." Kila mmoja akatumbukiza yake moja moja, akihesabu kwa sauti, na mimi nikakoroga kwa mwiko. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Benedikta alitumbukiza yake bila sauti. Sikuyatazama ni mangapi. Nikamimina maji, nikakoroga tena.

Ndugu Eustace akaingia, akatazama sakafu. Hakuna mstari, hakuna jina. Akatazama sufuria.

"Mwalimu, ya nani ni yapi?"

"Ya kijiji, Ndugu Katibu," nikasema. "Tumeyachanganya. Si ndiyo ujamaa?"

Mgeni mmoja, mtu mzima mwenye tumbo, akaangua kicheko mpaka akavua miwani. Ndugu Eustace hakucheka. Watoto wakayatoa mawe kwa ncha za vidole, wakayapanga mafungu ya kumi kumi sakafuni, haraka na kwa usafi, na mikono yao ilikuwa mizuri kuitazama. Yakawa mafungu ishirini na sita na mawe manne. Mgeni mwenye tumbo akaandika idadi hiyo, akasema hajaona chekechea kama hii mkoa mzima, wakaenda kunywa chai.

Katibu alibaki nyuma kidogo. "Ulikuwa unajua," akaniambia taratibu.

"Najua kuhesabu, mwanangu. Ndiyo kazi mliyonipa."

Akachomoa barua mfukoni, akaitazama, akairudisha. Hakuichana. Nilitamani aichane, ingekuwa rahisi zaidi.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka yao. Apolinaria ameniletea kuku mzima, amefungwa miguu. Ni mmoja wa wale wawili waliokuwa kwenye tela. Nimemwandikia Bimdogo asinitazamie mwaka huu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua zinakatika. Njia ya Goweko imeanza kukauka katikati.

Leo baada ya uji watoto walikimbia nje, nikabaki na mguu juu ya kigoda. Benedikta alibaki pia. Alikwenda kwenye koti la Abbasi, akafunga vifungo vyote, vya chini mpaka juu, polepole, ulimi nje. Hakunitazama kama nimeona. Halafu akaja kwenye kikapu cha mawe, akachagua.

Akapanga mbele yangu mstari wa matano. Baba, mama, kaka, dada, yeye mwenyewe. Akachukua la sita, akasimama nalo, akatembea mpaka upande ule usio na ukuta, na akaliweka chini pale ukingoni, kwenye jua, upande wa mashariki. Akarudi. Akagusa matano kwa kidole, akiyahesabu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Januari. Akanyoosha mkono kuelekea lile la mbali.

"Sita," akasema, akanisubiri.

Sikumwambia ahesabu tena.